Kusoma uhamaji wa kale wa binadamu katika kirusi cha malengelenge ya mdomo: mwongozo kamili

Mtu anayetaka kujua mababu zetu walipita wapi walipotoka Afrika huanza kwa mifupa, zana za mawe, lugha na vinasaba vya watu wenyewe. Kuna shahidi mwingine ambaye wengi wetu tunaye mwilini bila kumjali, naye ni kirusi cha herpesi aina ya 1, kifupi HSV-1, kile kinachotoa malengelenge kwenye midomo homa inapopanda. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takribani watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wanacho. Mtoto hukipata akiwa mdogo, mara nyingi kwa mate ya watu wa nyumbani mwake, kisha kirusi hujificha katika fundo la neva la uso na kubaki humo maisha yote. Kwa hiyo familia inapohama, kirusi huhama nayo.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kutengeneza mti wa nasaba wa kirusi hicho kwa data iliyo wazi kwa umma na programu za bure, na namna ya kuusoma bila kujidanganya. Umeandikwa kwa mwanafunzi wa biolojia, mwalimu wa sekondari, au mwanahistoria asiyeogopa kompyuta. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo ili msomaji aupime anapoendelea: mpangilio wa matawi ya mti huu unaaminika kwa kiasi kizuri, ila tarehe zinazobandikwa kwenye matawi hayo ndizo zinazowaponza watu.

Hatua ya 1: Chagua kirusi kinachofaa kwa swali lako

Si kila kirusi kinaweza kusimulia habari za kale. Kinachofaa huwa na sifa tatu kwa pamoja: hukaa mwilini kwa miaka mingi, hupita zaidi ndani ya familia kuliko kati ya wageni, na hubadilika polepole kiasi kwamba alama za zamani hazijafutwa na alama mpya. Virusi vya mafua vinakosa sifa zote tatu. VVU navyo hukaa mwilini, lakini hubadilika kwa kasi kubwa mno na havifuati mstari wa familia. Mti wake unatuambia kwa ufasaha jinsi maambukizi yalivyoenea kutoka Kinshasa kuanzia miaka ya 1920 kwa reli na mito, na hautuambii lolote kuhusu miaka 10,000 iliyopita.

Kuna wagombea wengine wanaostahili kutajwa. Kirusi cha JC, ambacho hutoka katika mkojo wa watu wazima wenye afya njema, kina jenomu (mfuatano mzima wa vinasaba vyake, unaoandikwa kwa herufi A, C, G na T) fupi ya herufi 5,100 hivi, na aina zake zimegawanyika kimabara. Aina ya 3 ilielezwa mwaka 1995 kutokana na mkojo wa wagonjwa wa VVU wa vijijini Tanzania, na mwaka 1997 aina za Kiasia zilipatikana kwa Wanavaho wa Marekani, jambo lililowafurahisha sana waliokuwa wakitafuta njia ya watu wa kwanza kuvuka kutoka Asia. Furaha hiyo ilipoa mwaka 2006, uchanganuzi ulipoonyesha kwamba mti wa kirusi cha JC haulingani na mti wa binadamu kwa kiwango kilichodhaniwa. Kirusi cha HTLV-1, kinachopita kwa maziwa ya mama, hubadilika polepole sana kwa sababu huongezeka zaidi kwa kugawanyika kwa seli zilizokwisha kuambukizwa, na kina tawi lake la pekee miongoni mwa wenyeji asilia wa Australia na watu wa Melanesia.

Nimechagua HSV-1 kwa sababu moja ya kimwili na nyingine ya ukaribu. Jenomu yake ni ndefu, herufi 152,000 hivi, kwa hiyo ina alama nyingi za kuhesabu. Zaidi ya hayo, sampuli zake za Afrika zilizo katika hifadhi ya umma zilitoka sehemu kubwa Kenya, na ndizo zenye mchango mkubwa kuliko zote katika mti.

Hatua ya 2: Kusanya mifuatano na usiamini lebo

Ingia katika hifadhi ya GenBank kwenye intaneti, isiyodai malipo wala usajili, na utafute jenomu kamili za kirusi hiki. Anza na ile ya marejeo, yenye namba NC_001806, ambayo ni ya aina ya 17 iliyotoka Glasgow, Uskoti, na yenye herufi 152,222. Kisha ongeza zile za Kenya, ambazo majina yake huanzia na herufi E, kwa mfano E06 na E22. Za Japani zinazoanzia na S. Za Korea Kusini zinazoanzia na R. Ya China iitwayo CR38. Na kadhaa za Marekani. Thelathini zinatosha. Kazi ya mwaka 2013 ya Curtis Brandt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, iliyolifanya somo hili lijulikane nje ya maabara, ilitumia 31 tu.

Kabla ya kushusha chochote, fungua daftari na uandike kwa kila sampuli mambo manne: nchi ilikochukuliwa, mwaka, mgonjwa alikuwa nani kwa asili kama imeandikwa, na ni mara ngapi kirusi kilioteshwa maabara kabla ya kusomwa. Safu mbili za mwisho zitabaki tupu mara nyingi, na utupu huo ni taarifa tosha. Sampuli iliyochukuliwa Seattle inaweza kuwa ya mtoto wa wazazi waliotoka Manila.

Hapa niliwahi kuteleza mimi mwenyewe. Nilishusha kila kitu kilichoandikwa Marekani, nikajenga mti, nikashangilia kundi dogo lililosimama peke yake mbali na wenzake. Baada ya siku mbili nikagundua kwamba lilikuwa aina moja ya maabara iitwayo KOS, iliyowekwa katika hifadhi zaidi ya mara moja na maabara tofauti. Nilikuwa nimemhesabu mtu mmoja kama ukoo. Aina ya McKrae nayo imo zaidi ya mara moja. Basi weka moja tu kwa kila mgonjwa.

Ongeza pia jenomu ya mgeni, yaani kirusi kilicho karibu lakini kilicho nje ya ukoo, ili kikuonyeshe mzizi uko wapi. Wengi hukimbilia HSV-2, yaani kirusi cha herpesi aina ya 2. Mimi napendelea kirusi cha herpesi cha sokwe, kwa sababu HSV-2 ina historia yake ya kutatanisha: inakadiriwa kuwa iliwaingia mababu wa binadamu kutoka kwa mababu wa sokwe miaka milioni 1.6 hivi iliyopita, na baadaye aina zake nyingi za leo zilipokea vipande vya HSV-1 ndani ya miili ya watu waliokuwa na virusi vyote viwili. Mgeni aliyekwisha kuchanganya damu na wenyeji hafai kuwa msuluhishi wa nasaba yao.

Hatua ya 3: Kata sehemu zinazodanganya

Jenomu ya HSV-1 ina sehemu ndefu ya pekee yenye herufi 108,000 hivi, na sehemu fupi ya pekee yenye herufi 13,000 hivi. Kila moja imezungukwa pande zote mbili na vipande vinavyorudiwa. Vipande hivyo vinavyorudiwa ni tatizo kwa njia mbili: mashine za kusoma vinasaba hukosea idadi ya marudio, na marudio yenyewe hubadilika hata ndani ya mtu mmoja. Viondoe vyote. Kwa anayeanza, bakisha sehemu ndefu ya pekee tu, ambayo alama zake zinatosha na kuzidi.

Upangaji ni kazi ya kuisimamisha mifuatano yote bega kwa bega, ili herufi ya nafasi fulani katika sampuli moja ikutane na mwenzake halisi katika nyingine. Programu ya MAFFT huifanya kwa amri moja, ukiwa umeweka mifuatano yote katika faili iitwayo vyote.fasta:

mafft --auto vyote.fasta > vimepangwa.fasta

Kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au 16 itahema kidogo lakini itamaliza. Kisha fungua faili kwa macho yako na upitie. Ninasema kwa macho, maana hakuna programu inayoyaona mambo haya: utakuta sampuli moja ina herufi N elfu kadhaa mfululizo mahali ambapo mashine ilishindwa kusoma, au nafasi ambapo mistari mitatu imeteleza kwa herufi moja na kuzua tofauti 40 ambazo hazipo. Futa nguzo zenye mapengo mengi. Kupoteza sehemu ya kumi ya herufi hakuumizi mti wa namna hii.

Hatua ya 4: Elewa alama ipi ni ushahidi na ipi si ushahidi

Huu ndio moyo wa kazi yote, na ndipo ninapomwomba msomaji akae kidogo. Tazama mistari hii mitano ambayo nimeibuni kwa ajili ya mfano:

Sokwe: A C G A T C C A
Kenya ya kwanza: A C G G T C C A
Kenya ya pili: A C G A T C C A
Japani: A T G A T C C A
Uskoti: A T G A T C G A

Nafasi ya nne, Kenya ya kwanza ina G ilhali wengine wote wana A. Hii ni alama ya mtu mmoja. Inatuambia kwamba kirusi hicho kimebadilika, haituambii ni ndugu wa nani. Nafasi ya saba, Uskoti nayo ina alama yake binafsi, na hukumu ni ile ile. Nafasi ya pili ndiyo yenye habari: Kenya zote mbili zina C, Japani na Uskoti zina T.

Mtu mwenye haraka atasema kwamba alama hiyo inaunganisha Wakenya kwa Wakenya, na Mjapani kwa Mskoti, kwamba koo ni mbili na ni sawa. Lakini mgeni wetu wa sokwe ana C. Hii ina maana kwamba C ni hali ya asili na T ni mabadiliko yaliyotokea mara moja kwa babu wa pamoja wa Japani na Uskoti. Hao wawili, basi, wana undugu uliothibitishwa. Kenya mbili hazina undugu wa pekee kwa alama hiyo. Zimebaki tu na kitu ambacho wote walikuwa nacho zamani. Ni kama watu wawili wasiojuana kujikuta wote bado wanatumia neno la kale ambalo wengine wameliacha: kulitunza neno la zamani hakuwafanyi kuwa watoto wa nyumba moja.

Rudia hesabu hiyo katika nafasi elfu kadhaa, na picha inayojitokeza ndiyo iliyowavutia watafiti. Katika kazi ya Wisconsin mti uligawanyika katika makundi sita. Sampuli za Ulaya na Marekani zilikaa pamoja, za China, Japani na Korea zilikaa pamoja, na za Kenya hazikuwa ukoo mmoja bali zilitawanyika katika makundi kadhaa, zikiwa na tofauti kubwa baina yao kuliko tofauti iliyopo kati ya Ulaya na Asia. Hilo ndilo umbo lile lile la vinasaba vya binadamu: utofauti mkubwa uko Afrika, na kilichoko kwingine ni sehemu ndogo iliyotoka humo.

Picha hii haikuanzia mwaka 2013. Mwaka 1994 watafiti wa Japani walikuwa wamekwisha kulinganisha sampuli za nchi sita, Kenya ikiwemo, kwa kutumia vimeng'enya vinavyokata vinasaba mahali maalumu na kupima urefu wa vipande. Mbinu ilikuwa ya kizamani, lakini mgawanyiko wa kijiografia ulionekana tangu wakati ule.

Hatua ya 5: Jenga mti

Hatua hii, ambayo wengi huiogopa, ndiyo nyepesi kuliko zote. Programu ya IQ-TREE huchagua yenyewe modeli ya mabadiliko na kupima uimara wa kila tawi mara 1,000:

iqtree2 -s vimepangwa.fasta -m MFP -B 1000 -T AUTO

Fungua matokeo katika FigTree, uweke mzizi kwenye tawi la sokwe, na uangalie namba zilizo kwenye maungio, yaani mahali matawi yanapoachana. Ungio lenye 95 au zaidi lichukuliwe kwa uzito. Lililo chini ya 80 lichukuliwe kama halipo, hata kama linakupa hadithi tamu.

Hatua ya 6: Tafuta mchanganyo kabla mchanganyo haujakutafuta

HSV-1 hupenda kuchanganya vinasaba. Aina mbili zikikutana ndani ya seli moja, hukata na kuunga vipande vyao, na kinachotoka ni kirusi chenye kichwa cha ukoo mmoja na mkia wa ukoo mwingine. Mti wa kawaida hauna namna ya kuchora mtoto wa namna hiyo, kwa hiyo humweka mahali fulani katikati, pasipo pa baba wala pa mama, na mtafiti asiyejua hupaita mahali hapo njia ya uhamaji.

Kuna majaribio mawili ninayoyafanya daima. Kwanza, gawa faili katika vipande vitano vya herufi 20,000 hivi na ujenge mti wa kila kipande. Sampuli inayohama kutoka Asia kwenda Ulaya kati ya kipande cha pili na cha tatu imechanganyika. Iondoe au itaje kama ilivyo. Pili, tumia SplitsTree, ambayo huchora wavu badala ya mti. Sehemu ya wavu iliyo na nyuzi ndefu nyembamba zinazotoka katikati bila kukatizana inasomeka kama mti. Sehemu iliyojaa visanduku vilivyopishana kama mkeka uliofumuka haisomeki, na ni heri kukiri.

Hapa pana jambo la kufariji. Mchanganyo hutokea kati ya virusi vilivyokutana, na virusi hukutana pale watu wanapoishi pamoja. Kwa hiyo mchanganyo mwingi hubaki ndani ya bara lile lile, na mgawanyiko mkubwa kati ya mabara husalimika hata pale matawi madogo yanapovurugika. Ndiyo sababu natetea mpangilio wa matawi makubwa na kuwa mkali kwa matawi madogo.

Hatua ya 7: Jaribu kama jiografia ni kweli au ni bahati

Jicho la binadamu huona makundi hata kwenye mawingu. Chukua mti wako, hesabu ni mara ngapi bara linabadilika ukitembea kutoka mzizi hadi ncha, kisha changanya lebo za nchi ovyo na uhesabu tena. Fanya hivyo mara 1,000 kwa programu fupi ya R au Python. Ikiwa mti wako halisi unahitaji mabadiliko 4 na miti iliyochanganywa inahitaji kati ya 10 na 15 karibu kila mara, basi jiografia imo kweli ndani ya data.

Hata hivyo jaribio hili haliondoi upungufu wa sampuli. Neno Afrika katika mti huu lina maana ya Kenya. Mtu anayechora mshale kutoka Nairobi kwenda Ulaya na kuuita njia ya kutoka Afrika amechora mahali ambapo madaktari walichukua sampuli.

Hatua ya 8: Kutia tarehe, na hapa nenda pole pole

Kanuni ya saa ya molekuli ni rahisi. Mifuatano miwili iliyotengana hukusanya mabadiliko kila upande, kwa hiyo tofauti kati yake ni sawa na kasi ya mabadiliko mara muda, mara mbili. Ukijua kasi unapata muda. Ukijua muda unapata kasi. Balaa ni kwamba kwa sampuli za kisasa pekee hujui hata kimoja.

Njia iliyotumika kwa miaka mingi ni kuazima muda kutoka kwa binadamu. Watu walitoka Afrika miaka 50,000 hivi iliyopita, kwa mfano, kwa hiyo tunaliwekea ungio la Afrika na Eurasia tarehe hiyo, na kupata kasi. Kisha kwa kasi hiyo tunatia tarehe maungio mengine, na tunatangaza kwamba kirusi kinathibitisha historia ya binadamu. Mzunguko huo msomaji ameuona: tumeweka jibu ndani ya swali.

Tufanye hesabu kwa mkono. Chukua tofauti ya herufi 7 katika kila 1,000 kati ya sampuli mbili, namba niliyoichagua kwa ajili ya mfano. Ikiwa zilitengana miaka 50,000 iliyopita, kila upande umebadilika kwa kasi ya herufi 7 kwa kila herufi milioni 100 kwa mwaka. Katika sehemu ndefu yenye herufi 108,000, hiyo ni badiliko moja kila miaka 132 hivi. Ikiwa zilitengana miaka 5,000 tu iliyopita, kasi ni mara kumi zaidi, yaani badiliko moja kila miaka 13. Mti ni ule ule. Matawi ni yale yale. Kilichobadilika ni namba moja tuliyoiweka sisi.

Namna ya kutoka katika mzunguko huu ni kupata virusi vya watu waliokufa zamani na ambao tarehe zao zinajulikana kwa njia nyingine. Mwaka 2022 watafiti, wengi wao wa vyuo vikuu vya Cambridge na Tartu, walichapisha jenomu nne za kale za HSV-1 zilizotolewa kwenye mizizi ya meno, baada ya kupekua mabaki takribani 3,000. Mmoja wa marehemu hao alikuwa mwanamume wa eneo la Ural nchini Urusi, aliyeishi miaka 1,500 hivi iliyopita. Wawili walizikwa Cambridge na karibu yake: mwanamke katika makaburi ya Waanglo-Saksoni ya karne ya 6 au 7, na kijana wa karne ya 14 aliyekuwa na majipu mabaya ya meno. Wa nne alikuwa kijana wa Uholanzi, mvutaji hodari wa kiko cha udongo kilichomwachia alama kwenye meno, ambaye yaelekea aliuawa Wafaransa walipovamia kijiji chake mwaka 1672.

Hesabu yetu ya mkono inaonyesha kwa nini kijana huyo wa kiko ana thamani. Amekufa miaka 350 iliyopita. Kwa saa ya polepole, kirusi chake kinapaswa kupungukiwa na mabadiliko kama 3 tu kulinganisha na ndugu zake wa leo. Kwa saa ya haraka, kinapaswa kupungukiwa na 26 au 27. Mabadiliko 3 ni machache mno, maana vinasaba vya kale huharibika ncha zake na herufi C husomeka kama T, hivyo kosa la kusoma linaweza kuzidi ishara yenyewe. Mabadiliko 26 yanaonekana. Kwa sampuli hizo watafiti walipata kwamba matawi ya HSV-1 yaliyoenea leo Eurasia yanakutana kwa babu aliyeishi miaka 5,000 hivi iliyopita, katika Zama za Shaba, na uchanganuzi mwingine wa mwaka 2020 uliotumia sampuli za kisasa ulikuwa umefikia muda unaokaribiana na huo.

Basi tukio la miaka 50,000 limekwenda wapi? Si kwamba watu waliotoka Afrika hawakuwa na herpesi. Inaelekea walikuwa nayo, ila aina walizobeba zilifunikwa baadaye na aina nyingine iliyoenea kwa wimbi jipya la watu na mazoea mapya. Virusi vya homa ya ini aina ya B vimeonyesha mfano wa wazi kabisa wa kufunikwa huko: jenomu 137 za kale zilizochapishwa mwaka 2021, za kati ya miaka 10,500 na 400 iliyopita, zinaonyesha aina iliyotawala Ulaya ya wakulima wa kwanza ikififia na karibu kutoweka ilhali wajukuu wa wakulima hao bado wapo.

Kwa vitendo, fanya hivi. Weka miaka ya sampuli katika programu ya TempEst na uone kama umbali kutoka mzizi unapanda kadiri sampuli inavyokuwa ya karibuni zaidi. Usipopata mwinuko wowote, data yako haina saa, na BEAST, programu ya kutia mti tarehe, itakupa tarehe ile ile uliyoiingiza wewe katika makadirio ya awali, ikiwa imevikwa kanzu ya takwimu. Ukipata mwinuko, endelea na BEAST, na uripoti upana wote wa makadirio badala ya namba ya katikati.

Hatua ya 9: Tofautisha watu waliohama na kirusi kilichohama

Jaribu kila tawi kwa swali hili: je, kuna wakati ambapo watu walihama bila kirusi hiki, au kirusi kilihama bila wao? Tawi moja la kirusi cha homa ya ini aina ya B, liitwalo genotipu E, linafundisha vizuri. Imejaa Afrika Magharibi leo, na kama ingekuwepo kwa wingi wakati wa biashara ya utumwa, ingejaa pia miongoni mwa Waafrika wa Amerika. Haikujaa, ni nadra huko. Kwa hiyo kuenea kwake Afrika Magharibi ni jambo la karibuni, baada ya meli za watumwa kukoma. Kutokuwepo kumetoa ushahidi ambao kuwepo kusingeutoa. HSV-2 ina habari ya kinyume, kwa sababu aina zake zilizoenea duniani zinakadiriwa kutoka Afrika karne ya 18, wakati biashara hiyo ilipokuwa kileleni.

Sampuli moja ya HSV-1 kutoka Texas iliyojikuta upande wa Asia katika kazi ya 2013 inastahili swali hilo hilo. Watafiti walikadiria kwamba ilitengana na ndugu zake wa Asia miaka 15,000 hivi iliyopita, muda unaoendana na watu wa kwanza kuingia Amerika. Inawezekana. Lakini kwa saa ya haraka muda huo hushuka hadi miaka 1,500, na muda huo hauwezi kuelezwa kwa daraja la ardhi la Bering, lililounganisha Asia na Amerika zamani. Sampuli moja, tena ya karne ya 20, kutoka jimbo lenye wahamiaji wa kila namna: mimi ningeiandika katika tanbihi, si katika kichwa cha habari.

Hatua ya 10: Linganisha na vinasaba vya watu wenyewe

Mti wa kirusi ukisimama peke yake ni nusu ya kazi. Uweke kando ya mti wa vinasaba vinavyorithiwa kwa mama na vile vya baba, na utafute mahali inapopishana, kwa sababu pale ndipo penye habari. HSV-1 hupokewa utotoni, mara nyingi kutoka kwa anayelea, kwa hiyo tunatarajia ifuate zaidi upande wa walezi kuliko upande wa wenye mali na majina.

Pwani yetu ingekuwa uwanja mzuri wa kujaribu jambo hili. Mwaka 2023 vinasaba vya watu 80 wa pwani ya Waswahili na jirani zao wa karne zilizopita vilionyesha kwamba asili ya upande wa kike ilikuwa zaidi ya Kiafrika, na kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi ilichanganyika na asili ya upande wa kiume iliyotoka zaidi Uajemi. Ikiwa mtoto wa miji ya kale ya Manda au Songo Mnara alipokea mate ya mama, bibi na mama wadogo kabla ya kukutana na wageni wa baba yake, kirusi katika mizizi ya meno yake kinapaswa kukaa katika makundi yale ya Kenya, hata pale kromosomu Y yake, inayorithiwa kwa baba, inapoelekea Uajemi. Kikikaa katika tawi la Eurasia, maana yake ni kwamba wageni hawakuja wanaume watupu, au kwamba kirusi chao kilikuwa chepesi kukifunika kile cha wenyeji. Jibu lolote kati ya hayo lingeweza kusomwa kwa hatua zile zile zilizotangulia, kuanzia lebo ya sampuli hadi hesabu ya saa. Meno yanayohitajika ni yale yale yaliyokwisha kutoboliwa kwa ajili ya vinasaba vya binadamu, na unga wake husomwa wote kwa pamoja, vya mtu na vya vijidudu vyake.